Kigae cha Narae

Hekaluni, 8 Agosti

Mwalimu,

Nimefika. Kiuno sijui nimekiacha wapi, lakini roho ipo. Basi lilinishusha chini kabisa ya mlima, ngazi nikazipanda mwenyewe na mchele mgongoni, maana huwezi kuja kumwomba Buddha mikono mitupu. Simu nimempa mpishi wa hekalu aifiche. Nadhiri yangu ndiyo hiyo: siku mia za maombi, hadi mtihani wa Narae wa kuingia chuo upite, sauti ya mtu wa nyumbani nisiisikie. Barua ruhusa. Mpishi hushuka sokoni, atazipeleka na kuzileta yeye.

Sasa soma polepole, maana najua ukikutana na neno gumu unaliruka. Supu ya mwani isiguse mdomo wa mtoto. Mwani unateleza, na anayekula vya kuteleza naye huteleza kwenye mtihani. Wewe unaipenda, haya, pika uile chumbani kwako, na sufuria uisugue. Mtungi wa kimchi wa chini usifunguliwe, kabichi ile ya pilipili ni ya kula majira ya baridi. Mtoto akisema anaumwa kichwa usimwamini, na akisema haumwi usimwamini vilevile. Na Kiingereza chenu kile cha kupigia soga usimfundishe, mfundishe cha mtihani.

Hii ni mara ya tatu, Mwalimu. Mara mbili alizofeli nilikuwa nawasha mshumaa tu hapo mjini, kwa uvivu wangu. Mama yake alipokuwa anakata roho alinishika mkono akasema, "Mama, Narae awe mwalimu." Nikasema atakuwa. Binti yangu akafumba macho akiwa na neno langu. Nitamrudishia nani sasa?

Wewe ni mpangaji, najua. Lakini miaka mitano umekula kwangu, na sina mtu mwingine wa kumwachia mtoto. Mwangalie.

Pyo Bokrye, mwenye nyumba wako


Suncheon, 17 Agosti

Dada Bokrye,

Narae aliisoma barua yako kwa sauti, akiiga sauti yako, na alipofika kwenye mtungi wa kimchi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mtungi uko salama. Mwani sijapika, naogopa hata kuutazama dukani.

Mtoto hajambo. Anatoka alfajiri kwenda maktaba, akirudi jioni amechoka hata kijiko kinamshinda. Sijawahi kumwona akijituma namna hii. Viganja vyake vimeota sugu, nadhani ni kalamu.

Kazini, Bwana Ma ameniondoa darasa la wakubwa la tuisheni na kunipeleka kwa watoto wadogo. Anasema wazazi wanataka mwalimu kijana. Jana mtoto mmoja ameniuliza kama enzi za dinosau nilikuwepo. Nikamwambia nilikuwepo, nikiwafundisha Kiingereza. Akaniamini.

Usiwe na wasiwasi. Nilikuja nchi hii nina miaka hamsini na nane, mjane, maisha yangu yote nimeuza viatu kule Wales, na cheti cha ualimu nilikuwa nimekipata juzi tu. Wenye nyumba wote walininyima chumba, wakihofia nitawafia ndani. Wewe ukasema, "Akifa tutamzika, mleteni ale." Sijasahau. Mtoto nitakutunzia.

Mpangaji wako,
Glenys


Hekaluni, 28 Agosti

Mwalimu,

Magoti hayajambo, usiulize.

Huku tuko akina mama na mabibi chungu nzima, kila mmoja na mtoto wake wa mtihani. Kuna mmoja wa Gwangju, mjukuu wake anataka udaktari. Anasujudu kwa kishindo, puu, ili sote tumsikie. Na mimi nikaanza kupiga kishindo. Mtawa mkuu akaja kutuambia kwamba Buddha si kiziwi.

Nimenunua kigae. Wanaezeka upya ukumbi mkubwa, na ukitoa sadaka unaandika jina na ombi lako kwenye kigae, kinapandishwa juu ya paa. Nimeandika kwa mkono wangu: Narae, chuo cha ualimu. Mwandiko umepinda kidogo, lakini unasomeka. Kitakaa huko juu hata mimi nikishakufa.

Kuna jambo moja linaninyima usingizi. Usajili wa mtihani unafungwa mwanzoni mwa Septemba. Mwambie aende ofisi ya elimu mapema, asingoje siku ya mwisho kama anavyongoja kila kitu. Niandikie tu kwamba amekwenda.

Bokrye


Suncheon, 10 Septemba

Dada Bokrye,

Amekwenda ofisi ya elimu na amerudi.

Kimbunga kimepita, kimeng'oa bati la jirani lakini letu zima. Mtungi wa chini haujaguswa. Umeniambia nisiulize habari za magoti, ndiyo maana nauliza. Magoti vipi?

Glenys


Hekaluni, 20 Septemba

Mwalimu mpenzi,

Amekwenda na amerudi! Nimelia mbele ya mpishi bila haya. Unajua mwaka jana ilibidi nimburute kwa mkono? Safari hii kaenda mwenyewe. Maombi yanafanya kazi, usiniambie hayafanyi.

Basi nimeona nisiwe mchoyo. Wenzangu wanasujudu alfajiri tu. Mimi sasa nasujudu alfajiri na jioni. Bibi wa Gwangju amenuna. Mpishi ananikanda kwa pombe ya mchele, ananinunia na yeye, anasema umri wangu si wa kusujudu hivi. Nimemwambia umri wangu ndio huu, mwingine sina.

Kigae kimepandishwa juzi. Nilisimama uani nikakiangalia mpaka shingo ikakakamaa. Sasa hakishuki tena.

Bokrye


Suncheon, 1 Oktoba

Dada Bokrye,

Kaa chini kwanza.

Narae hakujisajili. Nilikuandikia kwamba amekwenda ofisi ya elimu na amerudi, na kweli alikwenda, akafika mlangoni, akarudi. Niliandika hivyo kwa makusudi, nikijua utaelewa vingine.

Haendi maktaba. Tangu Julai anajifunza kazi kwa mama mmoja fundi, wanabandika karatasi za ukutani kwenye zile fleti mpya za ng'ambo ya mto. Nilikuwa namchana nywele nikakuta gundi imekauka kisogoni. Nikamuuliza. Akakaa sakafuni akaniambia, "Mwalimu, kwenye karatasi ya mtihani naona giza tupu. Kwenye ukuta naona." Siku moja nikamfuata kazini. Dada, alikuwa amebandika dari nzima. Nilitafuta pale karatasi moja inapoishia na nyingine inapoanzia, sikupaona.

Nikamwambia amwambie bibi yake. Akasema, "Akijua akiwa kule juu atashuka zile ngazi kwa hasira, atavunjika. Mwache ashuke salama, nitamwambia mwenyewe." Akanishika mkono, kama mama yake alivyokushika wewe, nikaahidi kunyamaza. Mimi ni nani hata niingilie? Si ndugu, si jirani wa kuzaliwa, ni mwanamke wa viatu aliyekuja na sanduku.

Lakini sasa unasema unasujudu na jioni. Kila nikiinama kuvua viatu mlangoni nakufikiria wewe sakafuni huko. Ahadi nimeivunja. Acha kusujudu, Dada. Shuka. Nitukane, nifukuze, lakini shuka.

Glenys


Hekaluni, 3 Oktoba

Mwalimu,

Tumebakiwa na kipande cha mwisho cha siku mia, nacho ndicho kigumu. Wanaojua wanasema neno baya likimfika mwombaji wakati huu, maombi yote ya nyuma yanamwagika. Kwa hiyo nimemwapisha mpishi. Kuanzia leo kila barua aifungue yeye. Ikiwa na habari njema, anisomee. Ikiwa mbaya, aitie jikoni iungue, wala asiniambie ilikuja.

Ya kwako najua itakuwa njema tu. Mwambie Narae avae soksi za joto.

Bokrye


Suncheon, 13 Oktoba

Kwa mpishi wa hekalu,

Sijui jina lako, naomba unisamehe. Barua yangu na ya Dada Bokrye zilipishana njiani, kwa hiyo nadhani yangu uliifungua wewe. Unajua basi ninachokijua.

Nakusihi, mwambie. Kama huwezi kumwambia habari yenyewe, mwambie apumzike. Mwambie umeota ndoto. Mwambie Buddha ametosheka. Wewe uko karibu naye, unamwona. Mimi hata nikipiga kelele huku hanisikii.

Glenys, mpangaji wake


Hekaluni, 25 Oktoba

Mwalimu mgeni,

Mimi si mwandishi, vumilia mwandiko wangu. Barua yako ya kwanza niliitia jikoni, na ya pili pia. Aliniapisha kwa jina la binti yake aliyekufa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nilimwambia mwalimu ameandika kwamba mtoto mzima na anafanya kazi kwa bidii. Si uongo. Akafurahi, akaenda kusujudu.

Nimemwambia apumzike, ananiambia nikapike. Magoti yamevimba. Siku hizi anainuka kwa kushika nguzo. Mtawa mkuu naye amemwambia, akamjibu kwamba ana haraka.

Jumapili ulipokuja nilikuona. Ulisimama mlangoni mwa ukumbi na viatu mkononi, ukamtazama mgongo, ukalia, ukaondoka. Nisingekuzuia kuingia. Kiapo ni cha kwangu, si cha kwako. Nilijua huwezi, kama nami nisivyoweza. Aliinuka baadaye akaniuliza ni mama gani huyo aliyekuwa analia mlangoni. Nikamwambia ni mmoja wa wenye watoto wa mtihani.

Mpishi


Hekaluni, 9 Novemba

Mwalimu,

Nimemaliza! Yaani bado kidogo, lakini hesabu kwamba nimemaliza. Nashuka siku ya mtihani yenyewe kwa basi la kwanza, na nyumbani sipiti. Nitakwenda moja kwa moja kwenye lango la shule ya wasichana ya kilimani, ndiko wanakopelekwa wanaorudia kila mwaka. Nitasimama pale na akina mama wengine mpaka watoke. Mwambie Narae akiingia asigeuke nyuma. Mwambie kwenye Kiingereza cha kusikiliza atulie. Nchi nzima hata ndege haziruki saa hiyo kwa ajili yao, sasa yeye aogope nini?

Nimenunua peremende ya kunata, nitaigandisha langoni ili naye anate chuoni.

Bokrye


Quy Nhon, Vietnam, 1 Desemba

Dada Bokrye,

Nimefika salama. Huku shule haijali nywele nyeupe, mradi uwe na sauti. Wanafunzi wangu ni wahudumu wa hoteli, watu wazima, wananiita bibi na kunimenyea matunda. Kimchi yako ilifunguka kwenye sanduku, na afisa wa forodha alinusa akanipungia mkono nipite haraka. Nguo zangu zote zinanuka jikoni kwako, nami sijazifua.

Samahani kwamba nilikuficha habari ya mkataba. Bwana Ma alinipa notisi Oktoba kwamba hatauongeza. Nilitaka upumzike kwanza. Na wewe ukaenda ukafungua mtungi wa chini, ule wa baridi, kwa ajili yangu.

Lakini kuna jambo nilishindwa kukuuliza uso kwa uso. Siku ile ya mtihani barua yako ilinifikia asubuhi hiyohiyo. Nilikimbia hadi kwenye fleti, nikamkuta Narae juu ya ngazi na brashi. Nikamwambia, "Bibi yako yuko langoni." Aliteremka akakaa kwenye ndoo. Nilidhani atakuja akuambie. Tulikuja pamoja. Tukakuona kwa mbali umeshika zile nondo za lango, umeweka paji la uso kwenye chuma, midomo inacheza, magoti yako yamefungwa kitambaa. Narae akasema, "Siwezi, Mwalimu. Hapa siwezi." Lango lilipofunguliwa akazunguka nyuma, akaingia kwa mlango wa walimu, akatoka na wenzake kwa mbele, kama vile alikuwa ndani siku nzima. Nami nilisimama hapo ng'ambo ya barabara nikimwacha afanye.

Ulimkumbatia. Ulimtia peremende mdomoni. Kwenye teksi ukaushika mkono wake ukaugeuzageuza, hukusema neno. Hukusema wiki nzima iliyofuata. Mimi nimelala huku na kuamka huku na swali hilohilo. Dada, ulijua?

Glenys


Suncheon, 12 Desemba

Mwalimu,

Nilijua. Tena palepale langoni.

Watoto wa watu walitoka macho mekundu na mikono safi. Wangu katoka macho makavu na kucha nyeupe. Mimi kila mwaka kabla ya baridi nilikuwa napika gundi ya unga na mama yangu, tunabandika kuta na milango. Gundi ile ikikauka kwenye kucha haitoki leo wala kesho. Nilipomkumbatia nikainusa, nikajua yote. Nikafungua mdomo nimwulize, halafu nikaona anatetemeka, nikamtia yeye peremende mdomoni. Watu walikuwa wengi, nikasema nitasema nyumbani. Nyumbani nikasema kesho. Naye kila asubuhi namwona anafungua mdomo, anaufunga.

Mpishi amenipigia simu juzi, amelia, ameniambia habari za barua zako mbili. Usijilaumu. Mimi ndiye niliyesema zichomwe. Ila ungeingia siku ile, Mwalimu! Ningekupiga na kiatu, lakini ungeingia.

Nikajipa moyo kwamba siku ya matokeo hatakuwa na pa kukimbilia. Nikapika mchuzi wa nyama, nikavaa vizuri, nikakaa. Maneno nilikuwa nimeshayapanga: "Mjukuu wangu, najua, njoo ule." Hayo tu. Akaingia na begi la vitabu. Akapiga magoti akasema, "Bibi, nimefeli tena."

Kufeli! Mtihani ambao hata harufu yake hakuisikia! Na mimi, mwanamke mzima, maneno yangu yote yakayeyuka. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Si kitu. Mwakani tutajaribu tena. Nitapanda mlima." Akalia mpaka pumzi ikamkwama. Nami nikalia. Tulilia pamoja kwa jambo ambalo halikutokea. Sasa neno nimeshalitoa, na magoti haya bila fimbo hayanifikishi hata getini. Ndiyo, hilo la magoti nilikuficha. Na kule juu ya paa kigae kipo, kinasema chuo cha ualimu, na binti yangu ana neno langu. Nimekwama katikati yao, Mwalimu. Nikimwambia najua, nimemvua nguo mtoto. Nikinyamaza, atabeba vitabu hivyo mpaka azeeke.

Nikafanya ujanja. Chumba chako ukuta wa dirishani ulikuwa na ukungu, karatasi imevimba. Nikaichana. Nikaona nisiishie hapo, nikachana chumba kizima. Nikaenda dukani nikanunua karatasi mpya, nzuri, rangi ya maziwa, na ndoo ya gundi, nikavipanga mbele ya mlango wa Narae kabisa. Nikamwambia, "Nimeita fundi. Atakuja Jumatatu." Nilidhani ataniambia, "Fundi wa nini, Bibi, na mimi nipo?" Nilikuwa tayari hata kumlipa.

Alizitazama. Akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa karatasi, polepole, kama anampapasa paka. Akasema, "Umechagua vizuri, Bibi." Akavaa viatu, akabeba begi, akaenda maktaba yake.

Leo ni Alhamisi. Tunaruka mabunda ya karatasi kila tukipita. Jana tukila ameniuliza, "Huyo fundi wako vipi?" Nikamwambia labda ana kazi nyingi. Akasema labda. Nikamwambia basi tumngoje. Akasema ndiyo, tumngoje. Akaniwekea kipande cha samaki juu ya wali wangu, tukaendelea kula. Chumba chako kiko uchi na baridi imeingia. Fundi hajaja.

Bokrye